Nchi ya Kanada: Mahali pa Kutazamwa, na Wenyewe

Wasomaji wetu, tumezoea kuwaletea habari za nchi za mbali, maana asiyeweza kusafiri kwa miguu husafiri kwa masikio. Leo twapenda kuwaeleza habari za Kanada, nchi iliyo upande wa kaskazini wa bara la Amerika. Hatutasema juu ya siasa yake wala biashara yake ya ngano na mbao. Tutasema juu ya mahali ambapo watu huenda kupatazama kwa furaha, na mahali wanapokwenda kupumzika baada ya kazi.

Huenda mtu akasema, "Sisi ni wakulima na wafugaji, matembezi ya watu wa mbali yatuhusu nini?" Twamwomba asifanye haraka. Kila mahali pazuri pana habari yake: ni nani aliyepatunza, ni kwa njia gani, na pengine ni nani aliyeondolewa ili wengine wapate kuja kupatazama. Habari hiyo yatuhusu sana, kama tutakavyoona mwisho.

UKUBWA WA NCHI

Kanada ni nchi ya pili kwa ukubwa duniani, baada ya Urusi. Eneo lake ni kadiri ya maili za mraba 3,850,000. Ukichukua nchi kumi kama Tanzania ukazipanga pamoja, bado hazitalijaza eneo hilo. Lakini watu wake ni kadiri ya milioni 41 tu, nao ni wachache kuliko watu wa Tanzania peke yake. Wengi wao hukaa upande wa kusini, karibu na mpaka wa Marekani, kwa sababu ya baridi. Hata jina la nchi limetoka kwa wenyeji wa asili: Mfaransa Jacques Cartier alipofika huko mwaka 1535 alisikia neno "kanata", ambalo maana yake ni kijiji, naye akalifanya kuwa jina la nchi.

Mtu akipanda gari la moshi mjini Toronto kwenda Vancouver, mji ulio kwenye pwani ya magharibi, atasafiri maili 2,775, na atalala njiani siku nne. Kwa hiyo hapana msafiri awezaye kuiona Kanada yote kwa safari moja. Sisi tutaanza mashariki tuelekee magharibi, kama jua liendavyo, kisha tutageuka kaskazini.

PWANI YA MASHARIKI

Watu wa pwani yetu, wa Mombasa, Tanga na Unguja, wajua vema maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda kadiri ya futi 12 au 13. Lakini katika Ghuba ya Fundy, upande wa mashariki wa Kanada, bahari hupanda futi 50 na zaidi, mara mbili kila siku. Sababu zake ni mbili. Ya kwanza, ghuba hiyo ni pana mdomoni na nyembamba ndani, kama chombo cha kumiminia mafuta ya taa. Maji yakisukumwa ndani hayana pa kwenda ila juu. Ya pili, maji ya ghuba yana mwendo wake ya kwenda na kurudi, na mwendo huo hulingana na ule wa bahari kuu. Mfano wake ni mtoto akaaye katika bembea: ukimsukuma kwa wakati wake hasa, kila mara huenda juu zaidi.

Mahali paitwapo Hopewell Rocks msafiri hushuka ngazi wakati wa maji kupwa, akatembea chini ya bahari kwa miguu yake katikati ya nguzo kubwa za mawe, ambazo juu yake imeota miti. Baada ya saa sita, pale alipopita yeye hupita mitumbwi, na zile nguzo huonekana kama visiwa vidogo.

Mbele zaidi kipo kisiwa cha Newfoundland. Huko, wakati theluji inapoyeyuka, watu hukaa ufuoni kutazama milima ya barafu ielayo baharini, iliyomeguka katika nchi ya Greenland. Kisiwani humo mna mahali paitwapo L'Anse aux Meadows, penye misingi ya nyumba za mabaharia waliotoka Ulaya ya Kaskazini. Wataalamu waliochunguza mbao zilizopatikana hapo wamejua ya kwamba miti yake ilikatwa mwaka 1021, yaani zaidi ya miaka 400 kabla ya Columbus kuvuka bahari.

Katika mji wa Halifax mna mahali padogo pasipo na mlima wala maporomoko, nasi hatuwezi kupapita bila kusimama. Paliitwa Africville. Hapo walikaa watu weusi, ambao wengi wa wazee wao walifika Kanada baada ya vita vya Marekani, wakitafuta uhuru na ardhi. Walijenga nyumba, wakavua samaki, wakajenga kanisa mwaka 1849, wakalipa kodi kama watu wote. Lakini mji haukuwapa mifereji ya maji safi wala ya maji machafu, bali uliweka jaa la takataka karibu nao. Katika miaka ya 1960 wakuu wa mji wakasema kwamba makao yale ni mabovu, wakawaondoa watu na kuzibomoa nyumba zao. Kanisa lilibomolewa mwaka 1967, usiku. Mahali pale pakafanywa uwanja wa mapumziko.

Mwaka 2010 mji wa Halifax uliomba radhi mbele ya watu wote, na baadaye kanisa likajengwa tena kwa mfano wa lile la kwanza, likawa nyumba ya makumbusho. Msafiri aingiapo humo haoni dhahabu wala vitu vya wafalme. Huona picha za familia na habari za majirani. Lakini wengi hutoka humo kimya.

MJI WENYE KUTA NA MITI YA SUKARI

Tukiacha pwani na kuufuata mto wa St. Lawrence, twafika Quebec, mji uliojengwa na Mfaransa Samuel de Champlain mwaka 1608. Watu wake husema Kifaransa hata leo. Katika Amerika yote iliyo kaskazini ya Meksiko, huu ndio mji pekee ambao kuta zake za vita zasimama bado. Kuta hizo zilikaribia kuvunjwa. Katika miaka ya 1870 wenye biashara walizichukia, wakisema zinaziba njia za magari, na baadhi ya malango yalikwisha kubomolewa. Lord Dufferin, aliyekuwa Gavana Mkuu wakati ule, akawashawishi wazihifadhi, na malango yapanuliwe ili watu na magari wapite. Leo wageni huja kutoka kila pembe ya dunia kwa ajili ya kuta zile zile zilizoitwa kizuizi, na mwaka 1985 mji ule wa kale uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Wakati wa baridi watu wa huko hawajifungii ndani. Hufanya sikukuu kubwa katika theluji, wakachonga sanamu za barafu na kushindana kupiga makasia katika mto wenye mabonge ya barafu. Karibu na mji huo, tangu mwaka 2001, hujengwa kila mwaka hoteli ya barafu na theluji tupu: kuta zake, vitanda vyake, hata bilauri zake. Mgeni hulala juu ya kitanda cha barafu akiwa ndani ya mfuko mzito wa kulalia. Jua la machipuko likija, hoteli yote huyeyuka.

Baridi ikianza kupungua, watu wa mjini huenda mashambani kula sukari ya mti uitwao mepoli, ule ambao jani lake limo katika bendera ya nchi. Wagema wetu wa mnazi watalielewa jambo hili upesi. Usiku maji huganda, na mchana jua hupata moto kidogo. Kwa mabadiliko hayo utomvu hupanda na kushuka ndani ya mti. Watu hutoboa tundu dogo katika shina, wakakinga utomvu ule, kisha wakauchemsha muda mrefu. Huhitaji kadiri ya painti 40 za utomvu kupata painti moja ya asali ya mti. Wageni hukaa pamoja na wenye shamba kwenye meza ndefu, wakala, wakaimba, na watoto wakamwagiwa asali ya moto juu ya theluji ili igande wailambe. Ufundi huu Wazungu waliuona kwanza kwa wenyeji wa asili.

MAPUMZIKO KANDO YA MAZIWA

Wakati wa joto, mwezi Juni hata Agosti, mapumziko ya watu wengi wa Kanada ni kibanda cha mbao kando ya ziwa. Nchi ina maziwa yasiyohesabika. Baba huvua samaki, watoto huogelea, na jioni wote hukaa kando ya moto. Wengine huchukua mtumbwi na hema, wakaingia katika hifadhi kama ile ya Algonquin, iliyotengwa mwaka 1893, wakapiga kafi kutoka ziwa hata ziwa. Penye nchi kavu katikati ya maziwa mawili huubeba mtumbwi kichwani. Mtumbwi huo mwepesi nao ni ufundi wa wenyeji wa asili, ambao waliutengeneza kwa magome ya miti.

Wakati wa baridi, mjini Ottawa, mji mkuu, mfereji wa Rideau huganda, na watu huteleza juu yake kwa viatu vyenye visu chini kwa muda wa karibu maili 5. Wengine huenda kazini kwa njia hiyo. Lakini katika majira ya baridi ya mwaka 2022 hata 2023 barafu haikuwa nene ya kutosha, na kwa mara ya kwanza tangu mchezo huo uanzishwe mfereji haukufunguliwa hata siku moja.

MAPOROMOKO YA NIAGARA

Hapana mgeni wa Kanada asiyetaka kuona maporomoko ya Niagara, yaliyo mpakani mwa Kanada na Marekani. Poromoko lake kubwa lina umbo la kwato ya farasi, na maji yake huanguka futi 188 kwa ngurumo isiyokoma. Merikebu ndogo huwapeleka wageni mpaka chini penye moshi wa maji, nao hurudi wameloa ijapokuwa wamevaa makoti ya mvua.

Lakini zamani sifa ya Niagara ilikuwa mbaya. Katika karne ya 19 pande zote mbili za mto zilijaa wachuuzi, madalali na walaghai. Walijenga vibanda na kuta ili mtu asiweze kuyaona maji bila kulipa, na mgeni aliyepelekwa chini kwa bure alidaiwa fedha nyingi kabla ya kuruhusiwa kupanda tena. Lord Dufferin, yule yule aliyeziokoa kuta za Quebec, alitoa shauri mwaka 1878 kwamba ardhi ile itengwe iwe mali ya watu wote. Mwaka 1885 Jimbo la Ontario liliweka halmashauri ya kuitunza, na mwaka 1888 bustani yake ikafunguliwa. Hata leo mtu akisimama kando ya mto kuyatazama maji hatozwi kitu; atalipa ikiwa ataka merikebu au mambo mengine.

Ipo siri nyingine ambayo wageni wengi hawaijui. Maji ya Niagara huzungusha mitambo ya umeme, nayo hupitishwa katika njia chini ya ardhi kabla hayajafika ukingoni. Kama wenye mitambo wangeachiwa, wangeweza kuyachukua karibu yote. Kwa hiyo mwaka 1950 Kanada na Marekani zilifanya mapatano: mchana, katika miezi ya wageni, maji yaangukayo yasipungue futi za ujazo 100,000 kwa kila sekunde, usiku, na wakati wa baridi, yasipungue 50,000. Basi msafiri aonapo ngurumo ile mchana, na ajue ya kwamba kiasi chake kimeandikwa katika mkataba, na usiku sehemu kubwa ya maji huenda kuwasha taa.

MILIMA YA ROCKY NA RELI

Sasa twavuka nchi tambarare ya ngano mpaka kwenye milima ya Rocky. Njia ya kufika huko ilifunguliwa na reli, ambayo pande zake mbili ziliunganishwa tarehe 7 Novemba 1885. Katika sehemu ya milimani walifanya kazi Wachina wapatao 15,000, kwa ujira mdogo kuliko wa Wazungu, nao walipewa kazi za hatari kama kupasua mawe kwa baruti. Mamia yao walikufa. Reli ilipokwisha, serikali iliweka kodi ya dola 50 kwa kila Mchina atakaye kuingia nchini, na mwaka 1903 ikaipandisha kuwa dola 500. Serikali iliomba radhi kwa jambo hilo mwaka 2006. Abiria wa leo, waketio katika magari yenye vioo mpaka juu, hupita juu ya kazi ya mikono ile.

Mwaka 1883 wafanyakazi watatu wa reli waliona chemchemi za maji ya moto katika pango, mahali paitwapo Banff. Wakataka kuzifanya mali yao, na watu wengine nao wakadai. Serikali ikakata shauri mwaka 1885 kuzitenga maili za mraba 10 ziwe mali ya taifa, na mwaka 1887 ikatunga sheria ya hifadhi ya kwanza ya taifa katika Kanada. Leo hifadhi ya Banff ina zaidi ya maili za mraba 2,500.

Tusidhani ya kwamba jambo hili lilifanywa kwa kupenda milima tu. Reli ilikuwa imegharimu fedha nyingi na abiria walikuwa wachache. Wakuu wa kampuni walifikiri hivi: milima haiwezi kupakiwa katika behewa ikauzwe, basi na waje watu kuitazama. Wakajenga hoteli kubwa hapo Banff mwaka 1888, na nyingine kando ya ziwa Louise mwaka 1890. Mwaka 1899 wakaleta mafundi wa kupanda milima kutoka Uswisi wawaongoze wageni.

Ziwa Louise lina rangi ya buluu na kijani, mtu akadhani limetiwa dawa. Sababu yake ni barafu iliyo mlimani juu yake. Barafu hiyo ni nzito, nayo husogea polepole ikisaga mawe chini yake mpaka yakawa unga laini kama wa sembe. Unga huo huletwa na maji mpaka ziwani, hukaa ukielea, na nuru ya jua ikiupiga hurudisha rangi ile. Wageni wa Banff sasa ni zaidi ya milioni 4 kwa mwaka, na magari yalizidi hata mwaka 2023 magari ya watu binafsi yakakatazwa njia ya ziwa Moraine. Mgeni huenda kwa basi.

Lakini wale wafanyakazi watatu hawakuwa wa kwanza kuziona chemchemi. Watu wa Stoney Nakoda walizijua tangu kale, wakaoga humo na kuziheshimu kwa ajili ya uponyaji, nao waliwinda katika milima ile. Hifadhi ilipowekwa, wakatolewa. Tangu kadiri ya mwaka 1890 walikatazwa kuwinda humo, wakaambiwa wakae katika ardhi waliyopimiwa. Wenye hifadhi walitaka wanyama wawe wengi kwa ajili ya wageni, na serikali ilitaka watu wale waache desturi zao. Jambo la kustaajabisha ni hili: katika zamani zile zile waliitwa mara moja kila mwaka waje Banff na mavazi yao na farasi wao, wacheze ngoma mbele ya watalii. Walitakiwa kama mapambo, hawakutakiwa kama wenyeji.

NJIA NYINGINE: VISIWA VYA HAIDA GWAII

Sasa tuone jinsi mambo yalivyokwenda kwingine. Mbele ya pwani ya magharibi, katika bahari ya Pasifiki, vipo visiwa vya Haida Gwaii, nchi ya Wahaida. Watu hawa ni mabingwa wa kuchonga. Huchukua mti mzima wa mwerezi wakauchora kunguru, tai, dubu na nyangumi, kila mnyama akiwa ni alama ya ukoo, kisha wakausimamisha mbele ya nyumba. Mwaka 1862 ndui iliingia pwani ile, ikaua watu wengi mno hata vijiji vikaachwa vitupu.

Watu wa pwani hiyo walipata msiba mwingine. Tangu mwaka 1885 hata mwaka 1951 sheria ya Kanada ilikataza karamu yao kuu iitwayo "potlatch", ambayo mkuu wa ukoo hugawa mali kwa watu walioalikwa ili wawe mashahidi wa jina na cheo. Mwaka 1921, katika kijiji kimoja cha watu wa Kwakwaka'wakw, watu walikamatwa kwa kufanya karamu hiyo, na vinyago vyao vikachukuliwa vikapelekwa katika nyumba za makumbusho za mbali. Walividai miaka mingi. Vingi vilirudi, na mwaka 1980 wakafungua nyumba ya kuviweka katika mji wa Alert Bay. Waliiita U'mista, na maana yake ni kurudi kwa kitu cha thamani.

Wahaida nao walisimama. Mwaka 1985 kampuni za mbao zilipokuwa zikikata miti mikubwa ya visiwa vyao, wazee kwa vijana walikaa katikati ya njia wakawazuia wakataji. Watu 72 walikamatwa. Habari zao zilienea nchini kote, na mwaka 1987 ukataji ukakomeshwa katika sehemu ya kusini. Mwaka 1993 Wahaida na Serikali ya Kanada walitia sahihi mapatano. Hawakukubaliana nchi ni ya nani. Kila upande uliandika dai lake katika karatasi ile ile. Lakini walikubaliana kuitunza pamoja, kwa halmashauri ambayo wajumbe wa pande mbili ni sawa kwa hesabu.

Siku hizi mgeni atakaye kwenda huko lazima kwanza afundishwe taratibu za mahali. Akifika katika vijiji vya kale hupokewa na walinzi wa Kihaida, wanaume kwa wanawake, nao ndio wasimuliao habari za wazee wao wenyewe. Katika kijiji cha SGang Gwaay nguzo za zamani zimeinama na kuota kuvu. Mgeni huuliza kwa nini hazitiwi dawa zisioze. Hujibiwa kwamba nguzo, kama mwanadamu, ina siku zake, na ikianguka huachwa irudi udongoni. Tena mwaka 2013 Wahaida walisimamisha nguzo mpya katika visiwa hivyo, na wageni waliokuwapo waliivuta kamba pamoja na wenyeji.

KASKAZINI KWENYE DUBU NA NURU

Mwisho twaenda kaskazini. Mji wa Churchill, kando ya Ghuba ya Hudson, hauna barabara ya kuufikia. Watu huenda kwa gari la moshi au ndege. Mwezi Oktoba na Novemba dubu weupe hukusanyika hapo, wakingoja bahari igande ili waende kuwinda sili. Wageni huwatazama wakiwa katika magari yenye magurudumu marefu. Wasomaji wetu wanaolinda mashamba yao na tembo watapenda kujua wenyeji hufanyaje. Dubu akiingia mjini, kwanza hufukuzwa kwa mlio wa baruti. Akirudi, hunaswa na kuwekwa katika jengo ambalo watu huliita gereza la dubu, kisha hupelekwa mbali na kuachwa huru. Kuuawa ni shauri la mwisho. Lakini siku hizi bahari huchelewa kuganda, na barafu huwahi kuyeyuka, na dubu wa sehemu ile wamepungua. Milimani nako ni hivyo hivyo: barafu ya Athabasca, ambayo wageni hupanda juu yake, imerudi nyuma kadiri ya maili moja katika miaka 125, na mwezi Julai 2024 moto wa msitu uliunguza kadiri ya thuluthi ya majengo ya mji wa Jasper.

Upande wa mji wa Yellowknife watu huenda kutazama nuru ya kaskazini. Usiku wa baridi mbingu huwaka kijani, na pengine nyekundu, kama pazia lipeperushwalo na upepo. Hutokea kwa sababu chembe zitokazo katika jua huvutwa na sumaku ya dunia kuelekea ncha zake, nazo zikigonga hewa iliyo juu sana hutoa mwanga.

Si mbali na hapo ipo hifadhi ya Thaidene Nëné, maana yake Nchi ya Wahenga. Serikali ilitaka kuifanya hifadhi kadiri ya mwaka 1970, lakini wazee wa kijiji cha Łutsël K'é walikataa, wakiogopa yaliyowapata wengine. Walikaa katika shauri hilo miaka karibu 50. Mwaka 2019 walikubali, baada ya kuandikwa kwamba wataendelea kuwinda na kuvua humo, kwamba watashiriki katika uongozi, na kwamba vijana wao watakuwa walinzi.

SHAURI LETU

Basi, wasomaji wetu, tumeona Kanada moja yenye njia mbili. Katika njia ya kwanza, mahali pazuri pamezungushiwa mpaka na mwenyewe akawekwa nje. Katika njia ya pili, mwenyewe yumo ndani, naye ndiye mpokea wageni. Milima yapendeza katika njia zote mbili. Lakini katika ile ya kwanza taifa lilipata uzuri pamoja na deni, na deni hilo lalipwa hata leo kwa kuomba radhi na kurudisha vitu.

Mambo haya si ya Kanada tu. Wazee wengi wa Kimasai wakumbuka habari za mwaka 1959, Serengeti na Ngorongoro zilipotenganishwa, na watu wakahama Serengeti. Nasi twaishi karibu na misitu, maporomoko, magofu na wanyama ambao wageni huvuka bahari kuja kuwaona. Siku watakapokuja watu kupima mipaka, na yafaa kila kijiji kiulize kwa upole lakini bila kuchoka: Je, sisi tutakuwa wapi? Nani atasimulia habari za mahali hapa? Na yaliyokubaliwa, yameandikwa wapi? Wazee wa Łutsël K'é hawakukataa wageni. Walikataa kuingia katika jambo ambalo sehemu yao haikuandikwa.

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ili mwenyeji apone, lazima mgeni amkute nyumbani.